Gitaa la Flamenko

Watu wengi hudhani kwamba magitaa yote ni namna moja. Mimi, mpenda useremala, nataka kuwaeleza kwa ufupi habari za gitaa la flamenko, muziki wa Andalusia, kusini ya Hispania.

Fundi Antonio de Torres wa Almería (1817–1892) ndiye hasa aliyeliweka gitaa la Kihispania katika umbo tulijualo. Kwa desturi, mgongo na mbavu za gitaa la flamenko ni za mberoshi, mti mwepesi. Mbavu hupindwa kwa chuma cha moto. Uso ni wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari, nao hupunguzwa kwa randa mpaka ubaki kama milimita 2 tu.

Hapo ndipo penye kazi. Uso ukiwa mnene, sauti hufifia. Ukiwa mwembamba mno, nyuzi sita, zivutazo kwa nguvu ya kilo 40 hivi, huupinda. Kwa hiyo fundi hubandika vijiti ndani, vilivyotandazwa kama upepeo, kisha huugonga kwa kidole na kusikiliza.

Wenzangu tunaojifunza useremala, tuzoee kuzisikiliza mbao, si kuzipima kwa rula tu.