Mazembe ya wanamuke: kombe moja, bei mbili

Tarehe 23 Novemba 2024, kule El Jadida, Maroko, wanamuke wa TP Mazembe walibeba kombe la Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Haikuwa kazi ya mchezo. Mbele yao kulikuwa AS FAR, ekipe ya jeshi ya Rabat, wenye kombe la 2022, wanacheza kwao, na washabiki wa inchi yao nyuma yao. Bao lilikuwa moja tu, la Marlène Kasaj, katika kipindi cha kwanza. Kiisha wabinti wetu wakafunga mlango mpaka filimbi ya mwisho. Moja kwa sifuri, basi.

Ule ushindi haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2022 walienda mara ya kwanza, Maroko vilevile, wakaishia kwenye makundi. Mwaka 2023 hawakufika hata kwenye mashindano. Walirudi kazini, na mwaka uliofuata wakashinda. Kocha wao Lamia Boumehdi, yeye mwenyewe mwanamuke wa Maroko, aliwashinda watu wa kwao. Tarehe 16 Desemba, kule Marrakech, CAF ikamtaja kocha bora wa mwaka kwa mpira wa wanamuke, na Mazembe ikatajwa klabu bora ya wanamuke.

Sisi wa sendika tulifurahi sawa watu wote. Lakini kazi yetu ni kuhesabu, basi tuhesabu.

Mazembe ilizaliwa 1939, mikononi mwa mapadri Wabenedikto. Wanaume wake walibeba kombe la Afrika mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Ekipe ya wanamuke ilianza 2020. Kati ya 1939 na 2020 kuko miaka 81. Ile miaka yote wabinti wa makambi walikuwa wapi? Wakati wa Union Minière, mwanaume alipewa uwanja wa mpira. Bibi yake alipelekwa fwaye kujifunza kushona na kupika. Wangapi walizaliwa na mguu mzuri, wakazeeka nao bila mtu kuuona?

Sasa tuhesabu feza. Bingwa wa wanamuke 2024 alipangiwa zawadi ya dola 600 000. Bingwa wa wanaume wa 2024 alipangiwa dola 4 000 000. Kombe ni la Afrika pande zote mbili, dakika ni zile zile 90, lakini pale wanamuke walipata dola 1, wanaume walipata karibu 7.

Kuko wenye watasema: "Lakini ku mupira ya banaume njo kuko batu na televizio." Ni kweli. Lakini hii hoja tunaijua toka mungodini: unalipwa kidogo ju unaleta kidogo. Ukimnyima mchimbaji vyombo, usimuulize tani. Kodi ya kazi ya inchi yetu, ya 2002, inasema kama kazi, ujuzi na matokeo ni sawa, mushahara uwe sawa, mwanaume ao mwanamuke. Zawadi ya kombe si mushahara, tunajua. Lakini wazo ni lile lile. Tena ile zawadi ilikuwa dola 400 000 mbele, wakaipandisha. Kumbe inaweza kupanda.

Tusinyooshee CAF peke yake kidole. Tuangalie nyumbani kwetu. Mutoto mwanamume akienda uwanjani, tunasema anacheza. Dada yake akienda, tunauliza: "Na maji, nani atateka?" Anafika miaka 13, anaacha mpira, ju ya ndoo na masufuria. Wengine wanaenda kuokota na kusafisha mawe pamoja na mama zao. Na mahali kwingi, pale uwanja wa kambi ulikuwa, leo kuko parseli na nyumba.

Bababa, bamama, tunaomba vitu 3. Cha kwanza: mugawanye kazi ya nyumba, binti naye apate masaa yake 2 ya mpira kisha masomo. Cha pili: binti akiitwa na ekipe, asitie sahihi kabla kontra haijasomwa mbele ya mtu mwenye kuielewa, na iandikwe nani atalipa akiumia. Goti la mchezaji ni sawa mgongo wa mchimbaji: likivunjika, posho inakatika. Cha tatu ni chetu sisi wadelege: tukikaa tena na wakubwa wa kompani kwa mapatano ya kazi, uwanja wa wabinti uandikwe kwenye orodha, pamoja na unga, matibabu na masomo ya watoto.

Delege mwenye ataufuta, mumuulize ju ya nini. Na kama binti yake mwenyewe anacheza, mumuulize mara mbili.