Nani kamuua dereva? Hata mtunzi hajui!

Ushawahi kutazama picha mpaka mwisho, halafu ukamgeukia mwenzio na kumuuliza, "Hivi, nani kamuua nani?" Kama bado, itafute The Big Sleep, picha ya Marekani ya mwaka 1946. Utajibeba!

Mwanzo ni rahisi. Jenerali Sternwood, mzee mgonjwa mwenye mapesa na binti wawili watukutu, anamwita mpelelezi binafsi, Philip Marlowe. Kuna mtu anataka kumkamua fedha kwa madeni ya binti mdogo, Carmen. Kazi ndogo, siyo? Thubutu! Muuza vitabu anapigwa risasi. Gari la familia linaopolewa baharini, dereva maiti ndani. Anakufa huyu, anafuata yule, na kila ukidhani umeshika mkia wa kisa, unakuponyoka.

Huyo dereva ndiye kiboko. Mwongozaji Howard Hawks na wenzake walishindwa kujua nani alimuua, wakampelekea telegramu Raymond Chandler, mtunzi wa riwaya yenyewe ya mwaka 1939. Jibu lake? Eti naye hajui!

Sasa nini kinakukalisha kitini? Watu wenyewe, bwana. Stelingi ni Humphrey Bogart, si mrefu wala si mtanashati, lakini akianza kuvutavuta sikio huku akifikiri, huwezi kumtoa macho. Binti mkubwa, Vivian, ni Lauren Bacall mwenye sauti nzito, aliyekuwa na miaka 20 tu walipoanza kupiga picha hiyo mwaka 1944. Wakikaa meza moja kutupiana maneno, unasahau hata maiti. Na haikuwa geresha, maana Mei 1945 walioana kweli.

Usimsahau Elisha Cook, kijibwana Harry Jones. Jambazi anamlazimisha kutaja alipo mwanamke wake, kisha anamnywesha sumu. Baadaye tunagundua alimdanganya jambazi mpaka mwisho. Anaonekana dakika chache tu, lakini roho inakuuma.

Utamu zaidi ni huu. Picha ilikuwa tayari mwaka 1945, hata askari wa Marekani walioneshwa. Lakini Januari 1946 wakarudi studio kuongeza vipande vya Bogart na Bacall. Kile kipande ambacho Marlowe anawaeleza wakubwa wa sheria kisa chote hatua kwa hatua, kikatupwa! Toleo hilo la kwanza lilikuja kutolewa kwa watu wote mwaka 1997.

Mimi nimeyaona yote mawili. La kwanza unalielewa zaidi. La pili ndilo unalolala nalo kichwani.

Mara ya kwanza niliitazama na kaka yangu. Tulibishana juu ya huyo dereva hadi saa saba usiku, karibu tununiane. Mara ya pili hatukuuliza kitu, tukawatazama watu tu. Ilikuwa raha tupu. Kwa hiyo nawe, acha kuhesabu maiti. Tazama macho yao!