Alishindwa mara sita, akaimba mara ya saba

Ndugu msomaji, mtu akishindwa mara sita katika jambo lilelile, tena mbele ya macho ya taifa zima, tumwite king'ang'anizi au mvumilivu? Kabla hujajibu, sikiliza habari za Sanna Nielsen, mwimbaji wa Uswidi aliyezaliwa mwaka 1984.

Sauti yake ilianza kujulikana angali mtoto. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 11, wimbo wake "Till en fågel", yaani "Kwa Ndege", ulishika nafasi ya kwanza katika Svensktoppen, orodha ya nyimbo zinazopendwa ya redio ya Uswidi. Mtu angedhani kwamba njia yake imekwisha kufunguka.

Lakini nchini humo yapo mashindano ya kila mwaka yaitwayo Melodifestivalen, ambayo watu wengi huyatazama katika televisheni. Mshindi hupelekwa kuiwakilisha nchi katika Eurovision, mashindano yaleyale yaliyowapatia ABBA umaarufu mwaka 1974. Nielsen aliyaingia mwaka 2001, akiwa na miaka 16, akawa wa tatu. Akarudi mwaka 2003, 2005 na 2007, asishinde.

Mwaka 2008 ndio uliokuwa mchungu zaidi. Alikuja na "Empty Room", wimbo wa taratibu wa mtu aliyebaki peke yake baada ya mapenzi kwisha. Watazamaji waliopiga kura kwa simu walimweka mbele ya wote. Waamuzi, ambao kura zao zilikuwa na uzito mkubwa, wakampendelea Charlotte Perrelli. Hesabu ilipojumlishwa, Nielsen akawa wa pili. Hebu fikiri, ndugu msomaji: umependwa na watu, na bado ushindi si wako! Hata hivyo mwaka 2011 alirudi tena, akawa wa nne.

Tarehe 8 Machi, 2014, alisimama jukwaani kwa mara ya saba, huko Solna, karibu na Stockholm. Wimbo wake uliitwa "Undo", maana yake "Tangua": kilio cha mtu anayetamani yaliyomuumiza yafutwe, arudi kama alivyokuwa zamani. Alipata pointi 212. Ace Wilder, aliyemfuatia, alipata 210. Pointi mbili tu! Wimbo huo ukapanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya nyimbo nchini Uswidi, na mwezi Mei, mjini Copenhagen, ukashika nafasi ya tatu katika Eurovision kwa pointi 218, nyuma ya Austria na Uholanzi.

Pointi mbili zingeweza kuangukia upande wa pili, na leo tungehesabu kushindwa mara saba. Kwa hiyo sifa yake haimo katika pointi hizo. Imo katika kuja na wimbo mpya kila mara, badala ya kukaa nyumbani akiuguza kidonda cha wimbo uliopita.

Mtoto wako akirudi nyumbani na matokeo mabaya ya mtihani, usimwonyeshe picha ya mshindi mwenye maua mikononi. Mhesabie ile miaka sita ya kushindwa, mmoja mmoja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.