Kulala garini wakati wa masika: mambo ya kujua kabla ya kuingia Moa

Magari yanayobeba nyumba nzima si mageni tena kwenye mpaka wa Lungalunga na Horohoro. Ndani yana kitanda, jiko, tangi la maji na kabati la nguo, juu ya paa yana sola. Wengine ni wageni kutoka Ulaya wanaozunguka Afrika. Wengine ni Wakenya na Watanzania waliogeuza basi dogo au Land Cruiser kuwa chumba cha kulala. Wengi hushika lami moja kwa moja hadi Tanga mjini, mwendo wa kilomita 65 hivi. Wachache hukata kushoto kuelekea Moa, kijiji cha wavuvi wilayani Mkinga, kufuata bahari na utulivu.

Wakati wa kiangazi safari hiyo haina shida. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni habari nyingine. Hapa tunaeleza kwa nini, na nini kifanyike ili gari, watu waliomo na barabara ya kijiji vibaki salama.

Baridi ya Ulaya na masika yetu

Msafiri wa gari-nyumba aliyetoka Ulaya kwa kawaida anajua vizuri jinsi ya kukabili majira ya baridi. Huko maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua. Dizeli ya kawaida huanza kugeuka kama nta. Gesi ya butani hugoma kutoka mtungini joto likifika nyuzi 0, ndiyo maana watu hutumia propani. Ujerumani tangu 2010 ina sheria inayomtaka dereva awe na matairi maalumu barabara ikiwa na barafu au theluji.

Lakini baridi hiyo ina jambo moja jema: ardhi ikiganda huwa ngumu, na gari zito linaweza kusimama juu yake. Masika hufanya kinyume. Ardhi iliyobeba lori mwezi Februari inaweza kumeza magurudumu ya gari dogo mwezi Aprili. Kwa hiyo anayekuja na ujuzi wa theluji akadhani mvua ni jambo dogo, anakosea hesabu.

Maji yanayotoka mbali

Hatari ya kwanza si mvua inayokunyeshea wewe. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, huvuka mpaka na kuingia Kenya, kisha humwaga maji baharini karibu na Vanga, jirani na Jasini na Moa. Mto Zigi nao hushuka kutoka milima ya Amani, hulisha bwawa la Mabayani linalotoa maji ya Tanga mjini, na kuingia baharini kaskazini ya jiji. Mvua kubwa ikinyesha milimani usiku, pwani asubuhi unaweza kuona jua na mbingu safi, huku maji yakiwa njiani yanakuja.

Ndiyo maana hatushauri kulala kando ya mto au ndani ya korongo kavu, hata kama pamepooza na pana kivuli.

Kuhusu kuvuka maji yanayopita juu ya barabara, kuna vipimo vitatu vya kukumbuka. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kusukuma gari dogo. Sentimita 60 zinaweza kubeba magari mengi, yakiwemo makubwa. Gari-nyumba lina ubavu mpana kama sanduku, hivyo maji hupata mahali pa kulisukumia. Na maji ya matope hayaonyeshi kama barabara iliyo chini yake bado ipo.

Udongo na barabara ya kijiji

Gari-nyumba lililojaa maji, mafuta na mizigo linaweza kufika tani 3, na yale yaliyojengwa juu ya malori huzidi sana hapo. Likipita kwenye barabara ya udongo iliyolowa, magurudumu hukata mifereji mirefu. Mvua inayofuata huingia humo na kuigeuza kuwa vijito. Dereva akikwepa mfereji, hupanda shambani na kufungua njia nyingine juu ya mihogo ya watu.

Mgeni huondoka kesho yake. Barabara hubaki na wenyeji. Hiyo ndiyo njia ya bodaboda inayompeleka mjamzito zahanati, na njia ya samaki na kamba wanaotakiwa wafike sokoni kabla barafu haijayeyuka. Kwa hiyo kusubiri udongo ukauke si suala la kulinda gari lako tu. Ni kuacha njia ambayo wengine wataitumia msimu mzima.

Ukikwama, usiendelee kukanyaga mafuta, kwani magurudumu yatachimba zaidi. Punguza upepo kwenye matairi, fukua matope mbele ya magurudumu kwa sepetu, weka mbao au matawi makavu, kisha toka polepole. Vijana wakija kusaidia, patana nao bei kabla ya kazi kuanza, na asisimame mtu karibu na kamba inayovuta. Kamba ikikatika hujeruhi, hata kuua.

Bamvua na mahali pa kuegesha

Wavuvi wa Moa wanajua jambo ambalo ramani ya simu haiwezi kumwambia mgeni. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani yetu huzidi mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mtu akiegesha ufukweni wakati wa maji mafu akaona mchanga mkavu, wiki moja baadaye bahari inaweza kufika mlangoni.

Mvua kubwa ikikutana na bamvua, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu bahari iliyojaa huzuia maji ya mto kutoka. Maeneo ya mikoko hujaa haraka. Muulize mvuvi maji ya usiku yatafika wapi, na pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kabla ya kulala. Huku ni mpakani, na mgeni anayejulikana husaidiwa upesi.

Ndani ya gari

Mvua ikinyesha siku tatu, watu hufunga madirisha, na pumzi yao pamoja na mvuke wa kupikia hulowanisha kuta na magodoro. Ukungu huanza. Fungua tundu la hewa pande mbili, lakini weka wavu, kwani masika ni msimu wa mbu na malaria.

Usiwashe kamwe jiko la mkaa ndani ya gari, hata kwa dakika chache. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hazinduki. Kishawishi hiki huwapata zaidi wanaopanda kutoka joto la pwani hadi Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Chukua blanketi la ziada. Na wakati wa masika, ulizia kwanza hali ya barabara ya Mombo hadi Lushoto, kwani hupata maporomoko ya udongo.

Soma taarifa kabla ya kuondoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa za hali mbaya kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa anayelala garini, tahadhari inatosha kubadili ratiba. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, taarifa zilitolewa mapema. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na magari yalikwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Kwa hiyo beba chakula na maji safi ya kunywa ya siku tatu, hata kama safari ni ya saa mbili.

Na kama mvua imenyesha usiku kucha lakini bado unataka kuiona Moa, liache gari kwenye lami mahali penye ulinzi, panda bodaboda, uingie kijijini. Utakula samaki yule yule, na barabara haitakulaumu.