Mkulo na Perere wa Milima ya Upare

Atokaye Mamba, akayaacha nyuma mashamba ya tangawizi na migomba, akaelekea upande wa Shengena, kilele kinachopita vyote Upareni kwa takriban mita 2,460, huingia msitu wa Chome wenye ubaridi ambamo, kwa rai yangu, hawapo viumbe wawili wanaostahiki kulinganishwa kama mkulo na perere.

Mkulo, ambao wataalamu huuita Ocotea usambarensis, hupanda hata kuzidi mita 35, na mbao zake zenye harufu ya kafuri ndizo zilizouletea balaa, kwani wapasuaji mbao wasio na kibali waliufuata msituni Chome kwa miaka mingi. Perere, mnyama wa mitini, hazidi kilo nne, hana mkia, hula majani, na nyayo zake laini zenye unyevu humshikilia gogoni. Na ijapokuwa hufanana na sungura, jamaa zake ni tembo na nguva. Mchana hasikiki, usiku hutoa ukelele upandao daraja kwa daraja, hata mgeni akadhani kuna mtu anayedhulumiwa.

Lakini viumbe hawa, waliotofautiana kwa kimo na kwa sauti, wameshirikiana katika uzito wa kuzaa. Mbegu za mkulo aghalabu huharibiwa na wadudu kabla ya kuota, hivyo mti hutegemea machipukizi ya mizizi yake. Na perere huchukua mimba miezi saba au zaidi, ili azae mtoto mmoja, mara chache wawili, ilhali panya humaliza kazi hiyo kwa wiki tatu.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Mkulo ukishakongeka huoza moyo ukabaki na pango, na kasoro hiyo, ambayo mpasuaji huilaani, kwa perere ndiyo nyumba. Mwindaji katika milima hii hulijua pango hilo, na yuko aukataye mti mzima kwa ajili ya mnyama mmoja.

Machipukizi ya kisikini hulijaza pengo baada ya miaka michache, na apitaye akaona kijani huridhika. Kumbe chipukizi halina pango, wala halitakuwa nalo katika umri wa yule aliyeukata mti. Kwa sababu hiyo ningependa walinzi wa hifadhi ya Chome, wanapohesabu miti, waitie hesabuni na ile yenye mapango, hata ile ambayo seremala huikataa kwa kuigonga mara moja tu.