Seiko 5 ya Zamani: Namba za Mgongoni Zinasema Nini

Wengi wanaoniletea saa ya marehemu babu hunionyesha uso wake kwanza, wakitaraji kwamba maandishi ya pale mbele yatatosha kuitambua. Hayatoshi. "Seiko 5" ni jina la ukoo mzima ulioanza mwaka 1963, na maana yake ni sifa tano: saa inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe zimo katika kidirisha kimoja, inastahimili maji, kitufe cha kurekebishia kimejificha upande wa saa kumi, na kasha pamoja na mkanda wake ni imara. Ndani ya ukoo huo kuna matoleo mengi mno. Kujua una lipi, igeuze.

Mgongoni kuna maandishi yaliyochongwa, na mara nyingi yamezibwa na jasho na uchafu wa miaka. Yasafishe kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa kisu wala msasa, kisha ulaze mwanga wa tochi ubavuni ili mchongo utupe kivuli. Tuseme unasoma 6119-8083. Tarakimu nne za mwanzo ni mashine iliyomo ndani. Nne za mwisho ni kasha lenyewe, yaani umbo lake. Zikiwa pamoja, hilo ndilo toleo, na ndilo la kumtajia fundi anapokutafutia kioo au kasha. Kwa kipuri cha mashine, zile nne za mwanzo zinamtosha.

Karibu yake kuna namba nyingine, kwa kawaida ya tarakimu sita. Hapo ndipo tarehe ya kuzaliwa ilipo. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, kisha O kwa Oktoba, N kwa Novemba na D kwa Desemba. Namba ikianza na 15, saa imetoka kiwandani Mei ya mwaka unaoishia na 1. Lakini mwaka upi: 1971 au 1981? Namba peke yake haisemi, na watu wengi hukwama hapa au hubuni. Jibu linatoka kwenye mashine. Ile ya 6119 ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na ya miaka ya 1970, hivyo saa yetu ni ya Mei 1971. Kwa mashine zilizodumu muda mrefu kiwandani njia hii haikati shauri. 7S26 ilianza mwaka 1996, na ikiwa na tarakimu 9 inaweza kuwa ya 1999 au ya 2009. Kasha, mkanda na maandishi ya uso ndivyo vitakavyoamua.

Hata maneno kuhusu maji yanasaidia. Saa za miaka ya 1960 ziliandikwa WATER PROOF. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1970 Seiko wakahamia WATER RESIST. Mgongo unaosema PROOF na namba inayodai 1976 haviendi pamoja.

Na hapo tunafika kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote: mgongo ni kifuniko tu, na kifuniko hubadilishwa. Muulize pia uso. Chini kabisa, ukingoni karibu na saa kumi na mbili, kuna maandishi madogo sana yanayotaka kioo cha kukuzia. Huanza kwa namba ya mashine, kisha namba ya uso wenyewe, ambayo si lazima ilingane na ya kasha. Herufi zikiwa zimevimba, zimepinda au hazipo kabisa, huenda uso umepakwa rangi upya. Saa za namna hiyo zimejaa sokoni, zenye bluu na machungwa ya kung'aa ambayo kiwanda hakikuyatoa. Mimi ninapendelea uso uliofifia kwa haki kuliko huo.

Shahidi wa tatu ni mashine yenyewe, na huyo hafikiwi bila kufungua. Mwachie fundi mwenye ufunguo wa vifuniko vya kuzungusha. Namba ya mashine imechongwa humo ndani, pamoja na idadi ya vito. Uso ukisema 21 JEWELS na mashine ikasema 17, kuna kitu kimehamishwa.

Kuhamishwa si lazima kuwe utapeli. Mafundi wetu wameokoa saa nyingi kwa kuchukua sehemu kutoka saa iliyokufa na kuitia iliyo hai, na mwenyewe akaendelea kuivaa miaka mingi. Saa ya aina hiyo ivae kwa fahari. Ukiiuza, mwambie mnunuzi mashine ni ipi na kasha ni la ipi. Kuna nyingine zenye kidirisha cha siku kinachosomeka kwa Kiingereza na Kiarabu. Usizidhanie kuwa zimechezewa, maana Seiko wenyewe walizitengeneza kwa soko la nchi za Kiarabu, na jamaa waliokuwa Oman na Ghuba walirudi nazo pwani.

Kabla hujaiacha saa kwa fundi, andika namba zote za mgongoni na upige picha ya uso. Ikifunguliwa, omba upige na picha ya mashine. Na mkatalie kabisa asilisugue kasha ili ling'ae: kingo zikilainika hazirudi, na namba ya kasha na ile ya tarehe zikifutika hakuna pengine pa kuzisoma.