Faksi wa Busia Anapiga Simu Tororo

Sogeeni, wapwa zangu. Leo anaongea faksi. Yuko mezani kwa wakala wa forodha, Busia ya Kenya, anampigia mwenzake wa Tororo, Uganda, na analia: "Piii! Piii! Tororo, mpo?"

"Mjomba, kwa nini analia?"

Umeuliza vizuri! Ndivyo anavyobisha hodi. Kila baada ya sekunde 3 hutoa mlio wa mitetemo 1,100 kwa sekunde. Mwenzake hujibu kwa mlio mwembamba zaidi, 2,100. Wakishaamkuana, maandishi hugeuka milio. Ikifika Tororo, milio hugeuka maandishi.

Zamani milio ilisafiri kwa waya wa simu. Sasa ofisi ina simu ya intaneti. Hiyo huikata sauti vipande vipande, mara nyingi 50 kwa sekunde, na kila kipande hupanda bodaboda yake. Moja inapita. Nyingine inakwama nyuma ya lori la saruji. Nyingine haifiki.

"Mbona mama anasikika kwa simu hiyohiyo?"

Hapo ndipo penye utamu! Mama akisema "nu...a sukari," unaelewa. Sikio la mtu husamehe. Faksi hasamehi. Kipande kikipotea, mstari unaharibika, au anakata simu.

"Tumsaidieje?"

Tazameni namba kwanza. Busia wamezoea 006 kuipigia Uganda, ila simu nyingine za intaneti haziijui. Jaribuni 256, namba ya nchi ya Uganda, kisha namba yote. Kisha ipigeni kwa simu ya kawaida. Mkisikia ule mlio mwembamba, mwenyeji yupo.

Halafu mwambieni fundi asiibane sauti. Mbano uitwao G.729 huishusha kutoka biti 64,000 kwa sekunde hadi 8,000. Umetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu, na milio ya faksi huvurugika humo. Aweke G.711, isiyobana hivyo. Bora zaidi T.38, utaratibu wa mwaka 1998 uliotungwa kwa ajili ya faksi, mradi njia nzima iuelewe. Huo hausafirishi milio. Husafirisha ujumbe wenyewe, na unaweza kurudia vipande ili kilichopotea kipate pacha wake.

Mwisho, mpunguzieni mwendo, kutoka biti 14,400 kwa sekunde hadi 9,600. Aende mdogo mdogo.

"Na akigoma bado, mjomba?"

Aa, basi ipigeni picha karatasi, muitume kwa simu ya mkononi. Mzee faksi atanuna, lakini lori linaloingoja karatasi hiyo litavuka mpaka.